Nzi watatu wa mwembe mmoja, picha zimo: naomba msaada wa kuwatambua kabla sijaagiza chambo

#1 BustaniMkuranga

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye ujuzi wa wadudu waziangalie picha hizi tatu.

Mti ni mwembe dodo, Mkuranga. Mtego ni kindoo cha njano chenye kifuniko cheupe, chambo ni methili yujenoli, umetundikwa siku 9.

Picha ya 1: nzi wa mtegoni, mgongo mweusi, pembeni ana mistari miwili ya njano.
Picha ya 2: nzi wa mtego huohuo, mistari ileile, ila mgongo ni wa kahawia inayoelekea wekundu.
Picha ya 3: huyu hakutoka mtegoni. Ametoka kwenye embe lililowekwa ndani ya ndoo yenye mchanga. Ni mdogo zaidi, wa njano, mabawa yana mabaka.

Programu ya simu inasema wa 1 ni Bactrocera carambolae, wa 2 ni Bactrocera zonata, wa 3 ni Ceratitis capitata. Je, ni kweli ni aina tatu? Na kwa nini mtegoni hakuna hata mmoja wa aina ya tatu wakati kwenye embe wametoka 14?

#2 KijanaWaShamba

Mkuu, wa 1 na wa 2 watakuwa dume na jike. Huyo wa 3 ni mtoto wao, hajakomaa. Subiri wiki atanenepa.

#3 Papasi_Mbili

@KijanaWaShamba, naomba nisahihishe hilo mapema kwa sababu wengi huliamini. Nzi akishatoka kwenye pupa na mabawa yakakunjuka, hakui tena. Kukua kote hufanyika akiwa funza. Kwa hiyo nzi mdogo si mtoto wa nzi mkubwa. Ama ni wa aina nyingine, ama alipata chakula kidogo alipokuwa funza.

Suala la dume na jike nalo linaonekana kwenye picha. Jike wa nzi wa matunda mkia wake umechongoka, ndiyo sindano ya kutagia. Dume mkia wake ni butu. Tena dume wa Bactrocera ana safu ya nywele ngumu kila upande wa pingili ya tatu ya tumbo, mfano wa kitana. Kwenye picha ya 1 na ya 2 mikia yote ni butu, na ya 2 kitana kinaonekana upande wa kulia. Ni madume wote wawili. Na ndivyo ilivyotarajiwa, maana methili yujenoli huvuta madume.

Sasa tuanze na hao wawili. Usiangalie rangi ya mgongo kwanza. Angalia vitu hivi kwa mpangilio huu:

Mistari ya njano kifuani. Hawa wana miwili tu, mmoja kila upande, minene, upana wake uleule toka mwanzo hadi karibu na mwisho. Ungeuona wa tatu katikati, tungekuwa tunazungumzia nzi wa matikiti na maboga, Zeugodacus cucurbitae.

Bawa. Liko wazi kama kioo, lina ukanda mwembamba wa kahawia unaofuata ukingo wa mbele mpaka nchani, na mchirizi mwingine mwembamba kuelekea shina la bawa upande wa nyuma. Hakuna mkanda unaokatisha katikati.

Tumbo. Kuna mstari mweusi unaokatisha mwanzoni mwa pingili ya tatu, na mwingine unashuka katikati hadi mwisho. Ukiiunganisha unapata herufi T.

Kingao, yaani kile kipande kidogo cha nusu mwezi mwishoni mwa kifua. Hapa ni cha njano, na weusi ni uzi mwembamba tu pale kinaposhikana na mgongo.

Alama zote nne zipo kwenye picha ya 1 na ya 2. Wote ni Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda aliyetoka Asia. Kwa Afrika Mashariki, nzi huyu mgongo wake huanzia weusi kabisa hadi kahawia nyekundu, na katikati ya hapo kuna kila aina ya mchanganyiko. Mtego mmoja unaweza kukupa wote kwa wiki moja.

Programu imekutajia B. carambolae kwa sababu wanafanana sana na picha zake nyingi ni za kusini-mashariki mwa Asia. Huyo ukanda wake wa bawa ni mpana zaidi kidogo na hupanuka nchani, na pingili ya nne ya tumbo ina madoa ya pembe nne pembeni. Yeye ni wa kusini-mashariki mwa Asia na kaskazini mwa Amerika Kusini. Programu hulinganisha umbo la jumla, haijui kwamba Mkuranga na Suriname ni mbali. Ichukulie kama pendekezo la kuanzia kutafuta, na jina ulithibitishe kwa alama.

Wa 3 siwezi kumtaja kwa picha hii. Ni Ceratitis, hilo halina shaka: mabawa yenye mikanda na vidoa vidogo kama vumbi karibu na shina, umbo la kibonge. Lakini kingao kimefunikwa na mwanga, na hapo ndipo penye jibu.

#4 Mtrah_Maskati

Naongeza kuhusu B. zonata, maana huku Oman tunaye pamoja na dorsalis na wote wawili huingia mtego uleule wa methili yujenoli. Njia ya haraka ni bawa. Zonata hana ule ukanda kamili wa ukingo wa mbele. Ana alama ya njano hafifu katikati ya ukingo, halafu pako wazi, halafu doa la kahawia nchani peke yake. Mwili ni wa kahawia nyekundu na tumbo halina T iliyokamilika. Kwenye picha ya 2 ukanda unaenda bila kukatika mpaka nchani, kwa hiyo si zonata. Ila msimchukulie kuwa hawezi kufika: yuko Misri, Sudan, Mauritius na Réunion. Ukiona bawa lenye doa la nchani peke yake, mpige picha na umhifadhi siku hiyohiyo.

#5 BustaniMkuranga

Shukrani sana. Wa 3 bado ninao wengine hai. Nipigeje picha ili kingao kionekane? Simu ni ya kawaida, kamera ikisogea karibu inaleta ukungu.

#6 LenziNdogo

Hapa ndipo picha nyingi za nzi zinapoharibika, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Kwanza usimpige picha leo kama ametoka leo. Nzi mchanga rangi zake hazijatulia: njano inakuwa nyeupe mchafu, weusi unakuwa kijivu, bawa linaonekana halina mikanda. Mweke kwenye chupa yenye kitambaa chepesi mdomoni, pamba yenye maji na punje za sukari, siku 4 au 5. Baada ya hapo ndiyo umuue.

Kuua: friza, dakika 20 hadi 30. Dakika 5 zinamlaza tu. Akipata joto la taa anaamka katikati ya kazi. Usitumie dawa ya kupuliza, inamwacha na matone ya mafuta mabawani. Akitoka friza subiri dakika chache umande ukauke, la sivyo mgongo wote utang'aa.

Usimweke kwenye karatasi nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na nzi anabaki giza tupu. Upande wa ndani wa boksi la viatu, ule wa kijivu, unafaa kuliko vyote. Weka rula yenye milimita kando yake, kwa kimo kilekile cha mgongo wa nzi na si chini yake.

Mwanga: dirishani, kivuli, asubuhi. Usiwashe taa ya simu. Taa ya simu ndiyo iliyokufutia kingao kwenye picha ya 3. Ule mng'ao mweupe mgongoni ni taa, si rangi ya mdudu. Kama mwanga wa dirisha ni mkali, zuia kwa karatasi ya kuokea au kitambaa chembamba cheupe.

Ukungu: simu nyingi haziwezi kuona vizuri chini ya sentimita 7 hivi. Usilazimishe. Ama rudi nyuma upige kwa ubora wa juu kisha ukate picha, ama bana lenzi ya kukuzia ya kubandika mbele ya kamera. Ukiwa na lenzi hiyo, eneo linaloonekana vizuri ni jembamba mno: ukilenga kichwa, tumbo linapotea. Weka simu juu ya vitabu viwili, washa kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisitikise, piga picha 10 huku ukiongeza karatasi moja moja chini ya nzi. Moja itakuwa imeshika kingao sawasawa.

Picha zinazotakiwa ni tano: mgongo moja kwa moja kutoka juu, ubavu, uso, tumbo kutoka juu mabawa yakiwa yamefunguliwa, na bawa peke yake. Bawa likate kwa wembe kwenye shina, liweke juu ya kipande cha kioo, na chini yake weka simu nyingine yenye skrini nyeupe, katikati ukitenganisha kwa karatasi nyembamba. Mikanda itaonekana kama imechorwa kwa wino.

La mwisho: WhatsApp inabana picha. Tuma kama faili ya waraka, si kama picha, au pandisha hapa moja kwa moja.

#7 BustaniMkuranga

Nimefuata maelekezo. Siku 5 kwa sukari na maji, friza nusu saa, boksi la viatu. Picha mpya:

3a, mgongo: kingao ni cha njano, kina madoa meusi matatu, moja katikati na mawili pembeni, njano inapita kati yao. Kifua ni cha njano iliyofifia chenye vidoa vyeusi pembeni.
3b, bawa: mikanda ni ya njano, si kahawia. Karibu na shina kuna vidoa na vistari vya kahawia.
3c, uso wa mwenye mkia butu: hakuna kitu cha ajabu kichwani.
Urefu wa mwili milimita 5.

#8 Papasi_Mbili

Hizi sasa ni picha za kumpa mtaalamu. Ahsante kwa kazi nzuri.

Anza na kuondoa C. capitata. Huyo nusu ya nyuma ya kingao chake ni weusi mtupu uliong'aa, si madoa yaliyotengana. Na dume wake ana nywele mbili mbele ya macho zilizoishia na kibao cheusi mfano wa jani au almasi; hukosi kuviona hata kwa kioo cha kukuzia mara 10. Picha ya 3c ni dume na hana.

Kisha ondoa kundi la C. rosa. Hao wana mwili wa kahawia na mikanda ya bawa ya kahawia, na dume ana manyoya mazito kwenye mguu wa kati, kama brashi. Miguu ya huyu ni mitupu, na bawa ni la njano.

Mwili wa njano, mikanda ya njano, madoa matatu yaliyotengana kwenye kingao, ametoka kwenye embe: Ceratitis cosyra. Ni nzi wa embe wa Afrika yenyewe, alikuwepo kabla ya dorsalis. Nina uhakika wa kutosha kumtaja kwa picha hizi.

Angekuwa jike wa kundi la rosa nisingethubutu. Majike wa fasciventris, anonae na rosa wanafanana mno, na mwaka 2016 rosa mwenyewe aligawanywa, wengine wakapewa jina la quilicii. Huko picha inaishia kwenye kundi tu, na mtaalamu mwaminifu atakuambia hivyo. Akikutajia aina moja bila kusita kwa jike aliyepigwa picha kutoka juu, muulize ameona alama ipi.

#9 Mzee_wa_Viatilifu

Swali kwa faida ya wengine: vipeperushi vya zamani vinasema Bactrocera invadens. Ndiye huyuhuyu dorsalis?

#10 Papasi_Mbili

Ndiye. Alionekana mara ya kwanza barani mwaka 2003, pwani ya Kenya, na Tanzania alipatikana mwaka huohuo. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White wakamwandika kama aina mpya, Bactrocera invadens, na sababu mojawapo ilikuwa hiyohiyo rangi ya mgongo inayobadilikabadilika. Baadaye watafiti wakalinganisha maumbile, vinasaba, harufu za madume na kama wanazaliana, wakakuta hakuna mpaka kati yake na dorsalis wa Asia. Mwaka 2015 majina yakaunganishwa, na B. papayae naye akaingia humo. Carambolae akabaki peke yake.

Kwa hiyo kipeperushi cha 2008 kinachosema invadens hakijapitwa kwa ushauri wa shambani, jina tu ndilo lililobadilika. Ila ukitafuta taarifa mtandaoni tafuta majina yote mawili, vinginevyo unakosa miaka kumi ya utafiti uliofanyika hapahapa kwetu.

#11 MitegoNaVyambo

Turudi kwenye swali la mwanzo: kwa nini cosyra hayumo mtegoni. Kwa sababu methili yujenoli haimhusu kabisa. Angeweza kukaa jani la jirani na mtego msimu mzima. Hii ndiyo hasara ya kununua chambo kabla ya kumjua nzi: mtego unajaa dorsalis, mkulima anahesabu, anadhani amewaona wote, kumbe nusu ya funza kwenye maembe yake ni wa nzi mwingine.

Madume wa cosyra huvutwa na terpinili asetati. Capitata huvutwa na trimediluri. Nzi wa matikiti, pamoja na Dacus kadhaa wa maboga, huvutwa na kyuluri. Bactrocera latifrons, yule wa nyanya chungu na bilinganya aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2006, haji kwenye methili yujenoli wala kyuluri. Ana chambo chake, latiluri. Ukitaka majike na aina mchanganyiko, tumia mtego wa maji wenye chakula cha protini, kama vidonge vya hamira ya torula. Huo huvuta kidogo na kwa umbali mfupi, lakini huchagua kidogo pia.

Kuna kosa linaloharibu hata utambuzi: kushika vyambo viwili kwa mkono mmoja. Methili yujenoli ni kali mno. Ukigusa kidonge chake kisha ukagusa cha terpinili asetati, mtego wa pili utaanza kukamata dorsalis na utaandika taarifa ya uongo. Glovu tofauti kwa kila chambo, na mifuko tofauti. Usitundike mitego miwili ya vyambo tofauti kwenye mti mmoja.

Tundika kivulini, mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, majani yasiguse mtego. Waya upake grisi, kwa sababu majimoto wakipata njia wanabeba nzi wote na unakuta mtego mtupu au mabawa matupu. Lakini majimoto wenyewe msiwaue. Wanasumbua nzi wanaotaka kutaga, na mwembe wenye majimoto wengi huwa na funza wachache.

Kusanya nzi kila wiki. Wakikaa mtegoni wiki mbili au tatu kwenye unyevu, njano inageuka kahawia, T ya tumbo inapotea, na hapo ndipo watu wanapoanza kuona "aina mpya".

#12 KijanaWaShamba

Nimeelewa, ahsanteni kwa kunisahihisha. Je, hatuwezi kumpiga picha funza mwenyewe ndani ya embe tukamaliza?

#13 LenziNdogo

Hapana. Funza wa dorsalis na wa cosyra kwenye picha ya simu ni mnyoo mweupe ule ule. Wanatofautishwa kwa ndoano za mdomo na matundu ya kupumulia, chini ya hadubini, au kwa vinasaba. Njia ya nyumbani ni kuwalea mpaka watoke.

Ila chagua tunda sawasawa. Chuma lenye alama ya kuchomwa likiwa bado gumu, au okota lililoanguka leo. Embe lililolala chini siku nne limeshaingiwa na wengine wa kuoza: vinzi vya ulanzi na pombe, na Zaprionus mwenye michirizi myeupe mgongoni. Utawapiga picha hao na kuwalaumu bure.

Pima uzito wa matunda uandike. Ndoo yenye mchanga wa sentimita 3 uliochomwa ukapoa, unyevu wa kushikana kidogo tu ukiufinya. Matunda yakae juu ya wavu ili maji yake yasilowanishe mchanga, maana pupa hufa kwa kuzama. Funika kwa kitambaa cheupe kilichobanwa kwa raba. Siku ya 10 chekecha. Pupa ni kama punje ya mchele ya kahawia. Wahamishie kwenye chombo kisafi chenye mchanga mbichi.

Wakitoka wadudu wembamba wenye mabawa manne na papasi ndefu, si nzi hao. Ni nyigu wanaokula funza kwa ndani, rafiki zako. Warudishe shambani.

#14 BustaniMkuranga

Nimeelewa: terpinili asetati naongeza, methili yujenoli inabaki, kila mmoja mti wake. Nikitaka uthibitisho wa maabara, nipeleke nini na wapi?

#15 Papasi_Mbili

Tanzania mamlaka ni TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), makao makuu Arusha. Toa taarifa kupitia afisa kilimo wako ili ifike rasmi. Chuo cha Sokoine, Morogoro, kimefanya kazi nyingi ya nzi wa matunda. Walioko Kenya wana KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, Nairobi. Usitume nzi hai wala pupa nje ya mkoa, achilia mbali kuvusha mpaka bila kibali.

Peleka 10 hadi 20 wa kila sura, dume na jike, kwenye chupa mbili. Moja spiriti ya asilimia 70 kwa kuangaliwa maumbile. Wakiwa kwenye asilimia 95 wanakakamaa, ukiwafungua mabawa yanakatika. Nyingine asilimia 95 au zaidi kwa vinasaba, na siku inayofuata mwaga ubadilishe, kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu. Spiriti ya bluu ya kuwashia jiko isitumike kwa chupa ya vinasaba. Usijaze nzi zaidi ya theluthi moja ya chupa. Pamba iwe juu, isiwagandamize.

Picha zako ziende pamoja nao, hasa 3a na 3b, kwa kuwa njano itafifia ndani ya spiriti na mtaalamu atataka kuona ilivyokuwa.

Lebo iingie ndani ya chupa, si nje. Iandike kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka. Andika: kijiji na wilaya, namba za GPS, tarehe ya kukusanya, tunda au chambo, jina la aliyekusanya. Kwa wale waliotoka kwenye embe andika tarehe mbili, ya kuchuma tunda na ya nzi kutoka.